Kidole Gumba kwa Dola Moja

Vaisalafa, Savaii, Samoa
9 Februari 1986

Mdogo wangu Lafaele,

Mashine yako ilifika Jumanne kwa boti, imeviringishwa mablanketi kama mgonjwa. Wapagazi wa bandarini wakaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa. Nikawaambia hii ni mbuzi ya kukunia nazi, mbuzi ya umeme, ameitengeneza kaka yangu mdogo aliyeko Auckland, New Zealand. Walicheka mpaka wakasahau kunidai ada ya mzigo. Kwa hilo peke yake, ahsante.

Sasa sikia yaliyobaki. Tangu umeme uingie kijijini mwaka juzi nimekisubiri kitu hiki kuliko nilivyoisubiri harusi yangu, na shemeji yako Siaosi asikusikie ukilirudia neno hilo. Kamati nzima ya wanawake ilikuja kutazama. Siaosi akachomeka waya, mota ikanguruma, nikashika kizio cha nazi kwa mikono miwili nikakielekeza kwenye meno. Dakika haikwisha, nazi imekwisha! Watu wakapiga makofi. Tukakamua. Tui likatoka na rangi ya mto baada ya mvua.

Lafaele, mbuzi yako haijui kushiba. Inakula nyama ya nazi, inakula ile ngozi nyeusi ya chini, na kifuu nacho inakiguguna. Mikate ya tui niliyooka siku hiyo ilikuwa na mchanga. Mke wa mchungaji aliuma, akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole katikati ya sala.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na chuma. Nilirudi kwenye mbuzi yetu ya kukalia nikaanza kukuna polepole, huku nikijitazama mikono. Mkono wa kulia unazungusha, hilo kila mtu analijua. Wa kushoto je? Kidole gumba kimekaa kwenye ukingo wa kifuu, kinasikiliza. Nyama ikiwa nene, kidole kiko mbali na meno. Ikipungua kinasogea, na kabla sijaifikia ngozi nyeusi kinaniambia, "Basi, mama." Miaka yote hii nina kidole kinachosema nami sikujua! Mashine yako haina kidole gumba. Kosa lake ni hilo tu. Izungushie meno yake pete yenye springi, pete inayorudi nyuma nyama ikipungua, halafu igome ikifika mahali pake. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Mchoro unafanana na kitunguu kilichovaa kola ya shati. Usicheke.

Baada ya Pasaka nina harusi mbili. Harakisha.

Dada yako mwenye akili,
Fiasili


Mangere, Auckland
30 Machi 1986

Dada yangu Fiasili,

Nilicheka. Kitunguu kilichovaa kola! Ruta mke wangu amekibandika mchoro ukutani jikoni, na kila mgeni anayeingia anauliza kama ni picha yangu.

Lakini dada, pete yako inafanya kazi. Nilijaribu mara ya kwanza kwa waya wa birika, ikaruka ikapasua glasi ya dirisha. Mara ya pili springi ilikuwa laini mno. Nikaona gereji yangu haitoshi. Nikamwomba msimamizi pale kiwandani anikubalie kutumia mashine ya kukereza vyuma wakati wa chakula cha mchana. Sisi wa mstari wa chini kazi yetu ni kufunga mota kwenye mashine za kufulia, mota baada ya mota, hatukerezi kitu. Akakubali kwa sababu Ruta humpelekea palusami, yale majani ya magimbi ya kupikwa kwa tui.

Nikakereza pete, nikaifunga palepale kwenye mashine ya pili niliyojiundia, nikakuna nazi niliyotoka nayo nyumbani. Dada, ilitoka nyeupe kama shuka za hospitali! Vijana wa Tonga na Niue wakaacha chakula chao wakaja kuonja. Kelele zilipozidi, meneja mwenyewe, Bwana Hallewell, akateremka ngazi.

"Kuna nini hapa?"

"Nazi, bwana."

Akaitazama mashine, akaisukuma pete kwa kidole, ikarudi. Akaisukuma tena, kama mtoto aliyepata kengele. "Nani kabuni hii?"

"Mimi na dada yangu."

"Dada yako ni mhandisi?"

"Hapana, bwana. Anaoka mikate. Tena ni mkali."

Akaniita ofisini, nikapewa kiti. Miaka kumi na moja nimefanya kazi pale, sijawahi kukalia kiti cha huko juu. Anataka tuombe hataza. Hataza, kwa alivyonieleza, ni kwamba unaieleza serikali siri yote ya chombo chako, nayo serikali inakuahidi kwamba kwa miaka kumi na sita hakuna mwingine atakayekitengeneza bila ruhusa ya mwenye hataza. Dada, chumba cha wachoraji kuna Mwingereza mmoja aliyepata hataza mbili za mlango wa mashine ya kufulia. Ya kwanza ilimpandisha daraja. Ya pili ikamnunulia mashua. Sisi wa chini mshahara wetu hupanda kama konokono kwenye mnazi, tena konokono mwenye mashaka.

Wakili wa kiwanda, Bi. Dacre, aliniuliza jina la mvumbuzi. Nikamtajia mawili, lako likitangulia. Imebidi nimwandikie herufi moja moja.

Pete yako imekuja na binamu huyu anayekuletea barua. Siaosi ataifunga kwa dakika chache. Harusi njema.

Lafaele


Vaisalafa, Savaii
27 Aprili 1986

Mvumbuzi mwenzangu,

Ndiyo, sasa nitakuita hivyo, nawe uniite hivyo, hasa mbele za watu.

Pete imefungwa. Harusi zote mbili zimepita, na mikate yangu imesifiwa mpaka upande wa pili wa kisiwa. Mke wa mchungaji alikula minne akafunga mingine kwenye leso. Barua yako ilisomwa kwa sauti kwenye kamati. Walipofika kwenye "lako likitangulia" nikaomba warudie, kwa kuwa wa nyuma hawakusikia vizuri.

Ila kuna jambo dogo. Hapa habari haitembei, inaruka, na ikitua huwa imeota manyoya mengine. Ulipoandika kwamba hakuna mtu atakayetengeneza bila ruhusa, jioni ileile ikasemwa kuwa Lafaele amenunua mbuzi zote. Kesho yake ikawa anayekuna nazi atalipa. Jumapili mzee Tofamaua, mkuu wa baraza la kijiji, alinisimamisha nje ya kanisa.

"Fiasili," akasema, "mbuzi niliyorithi kwa bibi yangu, nayo ni ya kaka yako?"

Nikamwambia, "Mzee, ya bibi yako haina hata mota."

"Sikukuuliza habari ya mota. Nimeuliza nikune au nisikune?"

Nimemwambia akune. Natumaini sikukosea.

Sasa nina swali, si langu, ni la watu. Tuseme kuna mtu fulani, mahali fulani, fundi wa kuchomelea, na tuseme ameiona mashine ya jirani yake, akaipenda, akatengeneza moja. Au tuseme zaidi ya moja. Mtu kama huyo serikali ya huko inamfanya nini? Nauliza tu.

Nijibu mapema.

Fiasili


Mangere, Auckland
19 Mei 1986

Dada,

Naandika mbio kwenye mapumziko ya chai, posta inafungwa.

Ombi la hataza limepelekwa! Limepewa namba. Sasa zimebaki karatasi unazoziona kwenye bahasha hii. Zinasema wewe na mimi tunakihamishia kiwanda haki ya hataza, nacho kitalipia gharama zote na kuziunda hizo mashine. Wamekuwekea alama ya penseli mahali pa sahihi yako. Tafuta shahidi, mchungaji atafaa, tia sahihi, rudisha.

Bwana Hallewell ameniahidi kwamba zikirudi tu, nitapanda ngazi kwenda chumba cha wachoraji, kwa mshahara wa kule. Ruta ameshaanza kutazama mapazia ya nyumba ambayo hatuna.

Fanya haraka, dada yangu. Mengine nitakuandikia nikitulia.

Lafaele


Vaisalafa, Savaii
15 Juni 1986

Lafaele,

Sitatia sahihi.

Kaa chini kwanza, uliposimama si pazuri. Karatasi zako zimesomwa hapa na mwalimu mkuu, mbele ya mchungaji, Siaosi, na mimi nikiwa na kisu cha kukatia unga mkononi, kwa sababu nilikuwa kazini. Mwalimu amesoma Kiingereza chote kwa utaratibu. Kufika katikati akasita. Akavua miwani, akaifuta.

"Inasema hapa," akasema, "kwamba kiwanda kinapewa kila haki, ya sasa na ya baadaye, kwa malipo ya dola moja."

"Dola moja kwa kila mashine?" nikauliza.

"Hapana, mama. Dola moja. Basi."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Ilikuwa ileile.

Lafaele! Kidole gumba changu kwa dola moja? Kuku wangu mwenye chongo nimemuuza kwa zaidi ya hapo! Najua utaniambia ni desturi ya mawakili, kwamba ile dola ni ya kupamba karatasi tu. Basi waipambe kwa kitu kingine. Na wewe upande daraja, nafurahi, kweli nafurahi, lakini daraja lako ni la mwezi kwa mwezi, na Bwana Hallewell akiamka vibaya siku moja anaweza kukuteremsha. Mashine zitakazouzwa miaka kumi na sita atazihesabu nani?

Tena hukunijibu habari ya mtu fulani. Kimya chako kimenikosesha raha. Sasa nakwambia wazi: mtu fulani ni Tanielu, fundi wetu. Ametengeneza mashine tisa, na kwa kila moja hunipa sehemu yangu bila kuombwa, kwa sababu anasema kidole ni changu. Tanielu anajua adabu kuliko kiwanda chako chote. Lakini tangu uvumi uanze, polisi akionekana tu kwenye boti, Tanielu anazikimbiza mashine kwenye migomba na kuzifunika mikeka. Juzi nguruwe wa Tofamaua amelalia moja. Nikitia sahihi, si ndiyo Hallewell atakuja kuzivunja? Wewe unataka dada yako atie sahihi ya kumfunga jirani yake?

Zirudishe hizo karatasi. Penseli yao nimeifuta.

Fiasili


Mangere, Auckland
6 Julai 1986

Dada yangu,

Umesema, nami nimesikia. Mimi pia sitatia sahihi.

Nilizisoma zile karatasi kama mtu anayesoma tiketi, macho kwenye mahali pa kwenda tu. Hiyo dola niliiona nikaipita. Wewe ulikuwa umeshika kisu cha unga, umeona vizuri zaidi.

Kwanza nitoe hofu ya Tanielu. Nimekwenda kwa Bi. Dacre kumuuliza. Alicheka mpaka akakohoa, hasa kwa yule nguruwe. Hataza, anasema, ni ua wa kuzungushia nyumba. Ua wa New Zealand unaishia ufukwe wa New Zealand, hauvuki bahari. Kiwanda hakikuomba hataza Samoa na hakina nia hiyo. Tanielu atengeneze tisa au mia tisa, apake rangi, azipange barabarani polisi azikalie. Asilete tu kuuza huku. Na mwambie mzee Tofamaua kwamba mbuzi ya bibi yake haikuwa hatarini hata siku moja.

Pili, nimemrudishia Bwana Hallewell karatasi zote mbili. Akauliza kulikoni. Nikasema, "Dada yangu amekataa."

"Basi saini wewe, yeye tutamshawishi."

"Bwana, kwetu kaka hapiti juu ya neno la dada yake. Dada ni mboni ya jicho la kaka yake. Hujanielewa mimi, lakini uliza yeyote hapo chini, atakueleza."

"Na wewe unataka nini?"

"Anachotaka yeye. Dola moja ni sawa. Lakini kwa kila mashine, na kwa kila mmoja wetu."

Akaniambia nirudi kazini. Kazi ni njema. Hali ya hewa ni baridi kidogo, lakini mimi ni mzima. Usiwe na wasiwasi wowote.

Kaka yako,
Lafaele


Mangere, Auckland
12 Oktoba 1986

Wifi yangu mpendwa,

Ni Ruta. Kaka yako hajui kama nakuandikia, na akijua atanuna mpaka chakula cha jioni, halafu atasahau.

Alikwambia kazi ni njema? Nilijua tu. Wifi, baada ya ile siku ya karatasi walimwondoa kwenye mstari wakampeleka uwanjani nyuma, kupakia maboksi kwenye malori, kwenye mvua ya Julai. Saa za ziada wakamnyima. Sikulalamika kwake, nikaongeza zamu kwenye dobi la hospitali. Kila asubuhi alitoka akiimba, na anavyoimba vibaya unamjua mwenyewe. Wenzake wa mstarini walimletea soksi za sufu. Msimamizi akamwambia, "Saini, bwana, uingie ndani upate joto." Akamjibu, "Joto ninalo, dada yangu ananitumia katika kila barua." Barua yenyewe ilikuwa ile ya kumgombeza.

Nilipokaa kuandika mara ya kwanza, mwezi wa Agosti, nilitaka kukuomba utie sahihi. Nakwambia kweli. Niliandika nusu ukurasa nikauchana. Nikajiuliza, je, nikimwambia wifi, halafu Lafaele aitazame sahihi ile na ajue imetoka kwangu? Nikarudi dobini.

Leo nakuandikia kukwambia usitie sahihi kwenye zile za zamani hata wakikuletea kwa dhahabu. Kwa maana jana, Jumamosi, tulipokuwa tunamenya magimbi, gari limesimama nje. Bwana Hallewell, suti, na keki mkononi! Keki ya dukani, yenye krimu. Lafaele akakimbilia chumbani kuvaa shati.

Alikaa pale kwenye kochi letu chini ya mchoro wako. Akautazama. "Hiki ndicho kitunguu?" akauliza. Kumbe Bi. Dacre amemsimulia kila kitu. Nikamwekea mkate wa tui, akala. Nikamwekea wa pili. Wa tatu alijichukulia. Ndipo akasema. Amewaonyesha mashine wafanyabiashara wa Otara hapa mjini, na wa ng'ambo, Suva na Nukualofa, na wote wanaitaka, maelfu, kabla ya sikukuu zijazo. Na hawezi kuuza hata moja kwa utulivu huku hataza ikiwa ya watu wawili ambao hawajamkabidhi.

"Bi. Matauaina," akaniuliza mimi, si kaka yako, "wifi yako akisema hapana, huwa anabadilika?"

Nikamwambia, "Aliwahi kukataa kuolewa na shemeji yangu mara tatu. Alibadilika pale shemeji alipobadilika."

Amekubali, wifi! Dola moja kwa kila mashine kwako, dola moja kwa kila mashine kwa Lafaele, kwa miaka yote ya hataza. Na kupanda daraja kuko palepale. Kuanzia kesho kaka yako anatoka uwanjani.

Lafaele alisimama pale katikati ya chumba, shati amelifunga vifungo vya kombo, akaanza kuvifungua. Mimi nilisema. Nilisema sahihi yako haipitii posta tena, nawe huisomi karatasi nyingine kupitia mdomo wa mwalimu mkuu. Anayetaka kidole gumba akilete hapa kikiwa mkononi mwa mwenyewe. Kwa hiyo tiketi ya ndege inalipiwa na kiwanda, na itafuata barua hii.

Beba majani ya magimbi ya kutosha, huku yanauzwa kama hariri.

Wifi yako,
Ruta


Mangere, Auckland
7 Desemba 1986

Baba Malia,

Mume wangu, nimefika, nimekula, na nimechoka kupendwa. Kila jioni nyumba nyingine, kila nyumba sinia lingine. Gauni la buluu halinifungi tena, usishtuke.

Nianze na Lafaele. Pale uwanja wa ndege alinikumbatia akaanza kuniuliza habari za nguruwe na za watoto, uso mkavu kabisa. Nikamwachia mpaka tulipofika kwenye gari. Hapo nikampiga na mkoba. "Hii ya baridi kidogo!" nikamwambia. Nikampiga tena. "Hii ya usiwe na wasiwasi!" Ruta alikuwa usukani, anacheka hawezi kuwasha gari. Halafu nikalia, naye akalia, na mtu wa maegesho akaja kuuliza kama tumeibiwa.

Alhamisi tulikwenda kwa wakili. Bi. Dacre ni mwembamba, ana sauti ya jogoo, nimempenda. Akaisoma karatasi mstari kwa mstari, Lafaele anatafsiri, na kila mstari nikawa naweka kidole na kuuliza, "Maana yake?" Bwana Hallewell akawa anatazama saa. Bi. Dacre akamwambia, "Trevor, kunywa chai." Tulipofika kwenye dola, nikaomba isomwe mara mbili, kwa raha tu. Pia nimeongeza mstari mmoja, na wameuandika: kila mwaka kiwanda kinatuletea hesabu ya mashine zilizouzwa, nasi tuna haki ya kumtuma mtu wetu aikague. Lafaele alitaka kuniziba mdomo. Hallewell akasema, "Mwache, nimeshazoea."

Nikatia sahihi. Nikaupuliza wino mpaka ukakauka.

Ijumaa wakanipeleka kiwandani. Baba Malia, nilidhani nitaonyeshwa mashine. Kumbe walikuwa wananionyesha mimi. Walizima mitambo yote. Watu zaidi ya mia, Watonga, Waniue, Wasamoa, Wamaori, Wazungu wachache wenye nyuso nyekundu, wakasimama wakaanza kuimba. Nilijua napaswa kusimama wima kama mke wa balozi, lakini miguu ilikataa, ikacheza. Nimecheza kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi.

Mama mmoja wa Tonga, Mele, akanishika mkono hataki kuuachia. Kumbe kwa ajili ya mashine yetu wamefungua mstari mpya, na watu kumi na wanne wamehamishiwa huko kwa mshahara wa juu, na yeye ni mmoja wao. Mwanawe anaanza chuo mwakani. Mimi sikuwahi kumfikiria Mele hata siku moja. Nilikuwa nagombania dola yangu. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Gombania, dada. Ulipokuwa unagombania nasi tulikuwa tumeshika pindo la nguo yako, tukivutwa nawe."

Lafaele sasa anakaa chumba cha juu, meza yake iko karibu na ile ya Mwingereza mwenye mashua. Mshahara umepanda mara moja na nusu. Nilimuuliza kipi kimemfaa zaidi, dola za mashine au huo mshahara, maana dola bado hazijaanza kuingia na mshahara ameshaupokea. Alifikiri, akasema, "Dada, mshahara ndio unaolipa nyumba. Lakini nadhani wasingenipa, au wangenipa na kuninyang'anya, kama tungekubali ile dola moja ya kwanza. Sasa wananiogopa kidogo." Nikamuuliza wanamwogopa yeye? Akasema, "Haya, wanakuogopa wewe."

Jana jioni Hallewell alikuja tena na keki. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nyumbani kuna chombo kingine kinachoniudhi. Nikamwambia vipo vingi, na kimojawapo ni pasi, na kingine ni mume wangu anavyofunga milango. Akatoa kalamu ili aandike. Lafaele akamwambia, "Usiandike, bwana. Safari hii tunaanza kwa Bi. Dacre."

Mwambie Tanielu atoe mashine migombani, azipange mbele ya nyumba yake, na aongeze bei. Mzee Tofamaua mwambie nimemnunulia shati.

Ninashuka bandarini Salelologa kwa boti ya Alhamisi ya tarehe 18. Usinipokee peke yako. Njoo na watu, na waje wakiimba.

Mkeo,
Fiasili, mvumbuzi